Umeuliza, Tunajibu: Pangani, bandari ya watu wa Moshi

Wiki hii meseji zimekuja nyingi za bahari, nadhani ni kwa sababu watu wengi wametoka likizo na bado wana mchanga kwenye viatu. Nimechukua nne zinazoongelea sehemu moja, Pangani, ule mji wa pwani mkoani Tanga, maana nikizitenganisha nitarudia rudia maneno.

*Shikamoo dada. Mi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Pasua hapa hapa Moshi. Mwezi wa tisa shemeji alitualika Pangani tukaenda na watoto. Ufukwe mzuri jamani lakini kimya, unatembea kilomita nzima unakutana na kaa na wavuvi wawili basi. Alafu ukiingia mjini unakuta majumba makubwa ya mawe, milango ya nakshi, mengine yameota miti ukutani. Mzee mmoja akaniambia "mwalimu, hii ndo ilikuwa bandari yenu nyie watu wa Moshi." Nikacheka lakini sikumwelewa. Bandari yetu si Tanga? Na kama hapo palikuwa bandari kubwa, ilikufaje?*
Mwalimu, Pasua

Marahaba mwalimu wangu, umenigusa penyewe. Mi Pangani naenda karibu kila mwaka tangu mdogo wangu aolewe kule, na kila nikirudi watu wa hapa wananiuliza "kwani huko kuna nini?" mpaka nimechoka kujibu kwa mkato. Leo nitajibu kwa kirefu.

Huyo mzee hakukudanganya. Kabla ya reli, mtu wa pwani akitaka kufika mlimani alikuwa anafuata mto, na mto wenyewe ni huu wetu. Maji ya Kilimanjaro yanashuka na Ruvu, ya Meru yanashuka na Kikuletwa, yanakutana pale Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndo tunauita Pangani mpaka unapoingia baharini, ni kama kilomita 500 ukihesabu toka huku juu. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa inaondoka Pangani mjini, inapanda na bonde, inapita Korogwe na Mazinde, Usambara na Upare zinabaki mkono wa kulia, mpaka inafika Arusha Chini. Ndiyo, Arusha Chini hii hii ya kwenye miwa ya TPC, kile kiwanda cha sukari. Pale palikuwa na mashamba ya kumwagilia na chakula cha kutosha, kwahiyo wapagazi walikuwa wanapumzika, wananunua chakula, halafu wengine wanapanda Moshi na wengine wanaendelea zao umasaini kutafuta pembe.

Walikuwa wanabeba nini kuja huku? Nguo kwanza. Bibi yangu mzaa mama kitambaa chochote cheupe cha pamba alikuwa anakiita merikani, na sisi wajukuu tulidhani ni neno la kizee tu, kumbe nguo hiyo kweli ilifumwa Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na meli za mji wa Salem mpaka Zanzibar, ikavushwa Mrima, yaani pwani hii ya bara inayotazamana na Zanzibar, ikabebwa kichwani mpaka kwenye migomba yetu. Kulikuwa na kaniki kutoka India, shanga za kila rangi, nyaya za shaba za kutengenezea bangili, na baadaye bunduki na baruti kwa wingi. Kushuka walibeba pembe za ndovu na vipusa, na walishusha watu pia, hilo nitalijibu kwenye swali linalofuata maana linastahili nafasi yake. Pembe ikifika Pangani inapandishwa chombo kwenda Zanzibar, na kutoka Zanzibar inaenda Bombay, London na huko huko Salem, kutengenezwa vitufe vya piano na vitana.

Na njiani walikuwa wanatoa hongo. Hongo enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, unampa mtawala nguo na shanga ndo msafara uendelee. Ukipita Mazinde na basi, kabla hujafika Mombo, angalia ule upande wa milima. Pale alikaa Semboja, mtoto wa Kimweri mfalme wa Usambara, ambaye alishuka toka mlimani akaweka makao yake bondeni kabisa ili misafara yote ya Pangani impitie yeye.

Upande wa bahari nako kulikuwa na saa zake. Vyombo vya Arabuni na India vilikuja na kaskazi, ule upepo wa kuanzia Novemba Desemba mpaka Machi, na vilirudi kwao na kusi ikishaanza kuvuma. Yaani mwaka mzima wa biashara ulifungwa na pepo mbili, na mtu wa Moshi aliyekuwa na pembe yake ya kuuza alikuwa, bila kujua, anasubiri upepo wa bahari ambayo hajawahi kuiona.

Tena inaweza kuwa mambo haya ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Karne ya 1 baada ya Kristo kuna mfanyabiashara wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia wa bahari hii yetu, na soko la mwisho kabisa kusini alilolitaja aliliita Rhapta. Anasema hapo kulinunuliwa pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa, na wenyeji waliletewa mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Wataalamu mpaka leo wanabishana Rhapta ilikuwa wapi, wengine wanasema ni huku mlango wa Pangani, wengine wanasema ni kusini zaidi kule Rufiji. Mi moyo wangu uko Pangani lakini moyo sio ushahidi. Kinachonivutia ni jina lenyewe, linatokana na mashua za kushonwa, yaani mbao zinaunganishwa kwa kamba ya makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja.

Mwaka juzi nilikaa asubuhi nzima ufukweni namwangalia fundi mmoja anatengeneza dau. Amelilaza ubavu, amelikinga na miti ya mikoko lisianguke, anasokota pamba kwa vidole mpaka inakuwa kama utambi mrefu, anaipachika kwenye mwanya wa mbao na mbao, halafu anaisindika kwa patasi butu na nyundo ya mti, tok tok tok, hakosei hata kidogo na wala haangalii sana. Huko ndo kutia kalafati. Akimaliza anapaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, harufu yake iliganda kwenye khanga yangu nikaifua mara tatu na bado. Nikamuuliza, baba, misumari ilianza lini kwenye vyombo vyenu? Akanijibu yeye amezaliwa amekuta misumari, ila marehemu babu yake alikuwa akisema vyombo vya kushonwa vilikuwa vinapiga mwamba bila kupasuka maana vinanepa. Nimeandika maneno yake kama alivyosema.

Sasa ilikufaje. Kwanza ni mchanga. Pale mto unapoingia baharini kuna fungu la mchanga limekaa mlangoni, jahazi linasubiri maji yajae ndo linaingia, na kwa mamia ya miaka hilo halikuwa tatizo kwa mtu yeyote. Zilipokuja meli za moshi zenye tumbo kubwa ikawa haziwezi kuingia. Tanga ina ghuba yenye kina, meli inaingia na kutulia.

Pili ni vita. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani hii kwa kampuni ya Wajerumani, na mwezi wa nane wakaja Pangani kupandisha bendera yao. Mwakilishi wao pale aliitwa Emil von Zelewski, mtu wa mabavu, huyu huyu ambaye miaka mitatu baadaye Wahehe walimuua kule Lugalo, Iringa. Watu wa Pangani walikataa, na kiongozi wao akawa Abushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba lake la miwa hapo karibu. Pwani nzima ikawaka. Julai 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akautwaa mji kwa mizinga, na tarehe 15 Desemba mwaka ule ule Abushiri akanyongwa pale pale Pangani. Ukiwa pale mwalimu ulikanyaga sehemu hiyo, sidhani kama kuna mtu alikuonyesha.

Tatu ndo iliyomaliza kabisa, reli. Wajerumani walianza kuijenga toka Tanga mwaka 1893, wakaifuata njia ile ile ya misafara bondeni, ikafika Moshi 1911, na Arusha ikafika 1929 Waingereza wakiwa wameshachukua nchi. Mzigo uliokuwa unatembea wiki nzima na zaidi kwa miguu kwenda Pangani ukaanza kulala kwenye behewa kwenda Tanga. Hakuna aliyeifunga Pangani kwa amri, mzigo tu uliacha kuja. Kwahiyo ule ukimya uliousikia una tarehe zake.

*Dada, mi ni kijana nauza mitumba Kiboriloni. Nimesikia kwamba watu wa huku mlimani waliuzwa utumwani kupitia Pangani na waliowauza ni watu wetu wenyewe. Nikimuuliza babu anabadilisha maneno. Ni kweli?*
Kiboriloni

Mdogo wangu, ni kweli, na nitakwambia bila kuzunguka.

Karne ya 19 umangi wa huku, yaani himaya za machifu wa Kichaga, ulikuwa mwingi na kila mmoja unapigana na mwenzake. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wazungu walimwandika kwa jina la Mandara, alikuwa anapokea misafara ya pwani na kuilinda, na alipata kwao nguo na bunduki. Sina wa Kibosho naye alikuwa mpinzani wake mwenye nguvu. Mateka wa vita hizo, wanawake na watoto wengi wao, wakauzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Na usione ni Uchagani peke yake, Usambara baada ya Kimweri kufariki 1862 watoto wake waligombana miaka na miaka na watu walioshikwa kwenye ugomvi ule walishushwa njia ile ile.

Wengine hawakuvuka bahari kabisa. Kando ya mto Pangani kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya matajiri wa pwani, na wafanyakazi wake walikuwa watumwa. Wengine walivushwa Pemba kwenye mikarafuu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa na kusafirisha watu baharini kukapigwa marufuku, lakini biashara haikuisha siku hiyo. Ilijificha. Usiku chombo kidogo kinatoka kwenye fukwe zilizotulia kama hizi, asubuhi kiko Pemba. Ndo maana mi nikiwa ufukweni kule jioni, maji yamekupwa, hewa safi, watoto wa mdogo wangu wanakimbizana, kuna dakika nanyamaza. Kutulia kwa ule ufukwe kuliwafaa hata waliovusha watu.

Lakini nataka ujue na hili, maana halisemwi mara nyingi. Watu walitoroka. Watoro wa mashamba ya Pangani walijijengea vijiji vyao porini, wakalima, wakajilinda kwa silaha, na mabwana zao walishindwa kuwarudisha. Kwahiyo inawezekana kabisa kuna familia kule mwambao leo zinaongea Kiswahili cha Mrima na asili yao ni huku huku kwetu migombani.

Kuhusu babu, usimlazimishe. Kaa naye siku ambayo hakuna watu wengi, muulize kwanza majina, baba yake nani, bibi yake alitoka wapi, nani alipotea na hakurudi. Majina ni rahisi kusemeka kuliko mambo yenyewe. Na andika, mdogo wangu, usitegemee kichwa.

*Mambo dada! Sisi ni marafiki wanne wa Sakina, Arusha, tunataka wikendi ndefu ya bahari ila hatutaki kelele na bajeti ni ya wanafunzi. Pangani kunafikikaje na tukifika tufanye nini?*
Sakina

Poa kabisa wadogo zangu. Basi za Arusha kwenda Tanga zipo, mnaamka mapema mnafika mchana wa saa nane tisa huko. Toka Tanga kuna gari za Pangani, ni kama kilomita 50 kwenda kusini. Msilale mjini tu, vukeni mto na pantoni kwenda Bweni, halafu chukueni boda mpaka Ushongo, kilomita 15 na ushee. Njia inapita Kikogwe kwenye mkonge, na hapo mkitaka picha simameni, maana mkonge wote wa nchi hii ulianzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo aitwaye Hindorf, alileta miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafa safarini, ikapona 62 tu na ndo ikapandwa Kikogwe.

Mkiwa njiani toka Tanga shukeni Tongoni kama muda upo. Kuna msikiti wa zamani umebaki kuta na makaburi kama 40, mengine yana nguzo ndefu juu yake, ya watu waliokuwa wanafanya biashara na Bahari ya Hindi yote. Mbele ya pwani hiyo ndo meli ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilikwama mwaka 1498, na 1499 wakirudi kutoka India wakaichoma moto, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawatoshi kuendesha meli tatu.

Ushongo gesti za bei ya kawaida zipo, ulizeni wenyeji, msiishie kwenye zile mnazoziona kwenye simu. Kisiwa cha Maziwe ni lazima lakini nisikilizeni vizuri. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walitaga hapo kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote nchini, halafu mwishoni mwa miaka ya 70 bahari ikakila, miti ikaenda, na sasa ni fungu la mchanga linalotoka maji yakikupwa na kuzama yakijaa. Mi mara ya kwanza nilipelekwa na mtu wa boti ambaye alitaka hela tu, tukafika maji yamejaa, hamna kisiwa, tukazunguka juu ya maji na jua la saa saba mpaka wifi yangu akatapika. Kwahiyo kabla ya kulipa ulizeni maji yanakupwa saa ngapi, na kama mnaweza nendeni siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, fungu linatoka kubwa na matumbawe yanaonekana vizuri. Siku za maji mafu mtaona kidogo.

Mayai ya kasa ya Maziwe siku hizi yanahamishiwa ufukweni Ushongo yasifunikwe na bahari, na watu wa kijiji wanayalinda mpaka yaanguliwe. Mkibahatika kukuta siku vifaranga wanatoka, msiwashe tochi wala taa ya simu, wanaifuata taa wakidhani ni bahari. Na msiwabebe kuwapeleka majini hata mkiwaonea huruma, waacheni watembee wenyewe.

Kuogelea, ogeleeni Ushongo. Mlangoni mwa mto hapana, mkondo una nguvu na maji ni ya tope huoni unapokanyaga.

*Dada, mimi ni mkulima wa mpunga Mabogini. Mkwe wangu wa Pangani kila tukiongea ananitania kwamba sisi wa Moshi tunawanywea maji yao. Ni utani au kuna ukweli?*
Mabogini

Kuna ukweli baba, na nafikiri yeye anatania kwa sababu ni mkwe, hawezi kukwambia kwa ukali.

Huu mto unafanya kazi nyingi kabla haujafika kwake. Mnamwagilia nyie na wenzenu wa upande wa Arusha, miwa inamwagiliwa, bwawa la Nyumba ya Mungu linazuia maji ya umeme, chini kuna mitambo ya Hale na Pangani. Maji yakipungua nguvu huku juu, bahari kule chini haina wa kuisukuma, inapanda na mto. Watu wa Pangani wanaolima kandokando ya mto wanaona chumvi inafika sehemu ambazo zamani walikuwa wanachota maji ya kunywa, mashamba yanaharibika na minazi inakufa imesimama. Shemeji yangu ana shamba la urithi upande wa Bweni, alinipeleka nikaone, minazi saba kwenye mstari imebaki vigogo tu bila kuti hata moja. Akachota maji kwa kiganja akaniambia onja. Nikaonja. Chumvi kabisa, na hapo bahari hatuioni, iko mbali nyuma ya mikoko.

Sikuambii uache mpunga, una watoto wa kusomesha. Ila ule mfereji wenu unaovuja usiku kucha maji yanaingia barabarani, ambao tumeshauandika humu mara mbili, ongeeni kwenye chama chenu cha wamwagiliaji mzibe. Na mkwe wako akija muonyeshe ulivyozibwa.